Maswali ya Wasomaji: PlayStation, Xbox na Nintendo Hushindana au Hukamilishana?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Ninafundisha somo la uchumi katika shule ya sekondari hapa Tanga. Mwezi uliopita nilikuwa nikieleza tofauti kati ya bidhaa mbadala na bidhaa kamilishi, nikatoa mifano tuliyoizoea: kahawa na chai kwa upande mmoja, chai na sukari kwa upande mwingine. Mwanafunzi mmoja akauliza mashine za gemu zinaingia fungu gani, na darasa zima likagawanyika. Wengi walisema PlayStation, Xbox na Nintendo ni mbadala kama soda za kampuni mbili. Mwingine akasimama akasema binamu yake aliyeko Uingereza ana PlayStation na Nintendo Switch katika nyumba moja na anazitumia zote, kwa hiyo hizo ni kama chai na sukari. Niliwaahidi jibu na sijalipata. Naomba unisaidie.
Mwalimu, Tanga

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako amegusa jambo ambalo mwaka 2023 lilifikishwa mbele ya hakimu nchini Marekani, likiwa ndani ya kesi ya mabilioni ya dola, na nitalifikia hapo mbele. Kwanza niseme msimamo wangu: mashine hizi ni mbadala, ila haziko karibu kwa kiasi kimoja, na ule ushahidi wa binamu mwenye mashine mbili, ingawa ni wa kweli, hauthibitishi kwamba zinakamilishana.

Bidhaa kamilishi, kama ulivyowafundisha, ni ile ambayo bei yake ikishuka watu hununua zaidi ile nyingine pia. Sukari ikishuka bei, majani ya chai hutoka zaidi dukani, kwa sababu kikombe kinahitaji vyote viwili. Sasa waulize wanafunzi wako: Sony ikipunguza bei ya PlayStation kesho asubuhi, yuko nani atakayekwenda kununua Nintendo Switch kwa sababu hiyo? Simwoni, labda yule ambaye tayari alikuwa amedhamiria kununua zote mbili na sasa amebakiwa na fedha kidogo mfukoni. Mwanamke anaweza kuwa na kanga na baibui katika kabati moja, akavitumia vyote kila wiki, na bado kushuka kwa bei ya kanga kusiongeze mauzo ya mabaibui. Kumiliki vitu viwili ni jambo moja, na kimoja kuhitaji kingine ni jambo jingine kabisa.

Kinachoikamilisha mashine ya gemu ni gemu yenyewe, pedi ya pili (kile kidude cha mkononi cha kuchezea), televisheni, na malipo ya kila mwezi ya kuchezea kwenye intaneti. Ndiyo maana kampuni inaweza kuuza mashine kwa faida ndogo sana, au hata kwa hasara, kama Sony ilivyofanya na PlayStation 3 ilipotoka mwaka 2006, ikitumaini kuzirudisha fedha zake kwenye gemu. Na kutoka hapa ndipo jibu lote linapopatikana, kwa sababu mnunuzi hanunui boksi la plastiki, bali ananunua ruhusa ya kucheza gemu fulani. Mashine mbili zinazocheza gemu zilezile zinamgombea mtu mmoja kwa ajili ya haja moja. Zinazocheza gemu tofauti zinaweza kukaa pamoja sebuleni, ingawa mfuko unaozilipia na saa zinazotumika kuzichezea vinabaki kuwa vilevile.

Ushindani wa ana kwa ana ulionekana wazi mwaka 1995. Mwezi Mei mwaka huo, katika maonyesho ya kwanza ya gemu yaitwayo E3 huko Los Angeles, Sega ilitangaza kwamba mashine yake ya Saturn itauzwa dola 399. Siku hiyohiyo afisa wa Sony alipanda jukwaani, akataja tarakimu 299, akashuka. Mashine zote mbili zilitumia CD, zote zililenga vijana walewale, na tofauti ya dola 100 ilikuwa hoja tosha. Saturn haikupona. PlayStation ya kwanza iliuzwa zaidi ya milioni 100, nayo Saturn haikufika hata milioni 10. Nintendo, ambayo mwaka 1996 ilitoa mashine yake ya Nintendo 64 ikiwa bado inatumia katriji zenye nafasi ndogo kuliko CD, ilishuhudia baadhi ya watengenezaji wa gemu waliokuwa wake kwa miaka mingi wakihamia kwa Sony, na wateja wakawafuata. Katika miaka hiyo hakuna aliyezungumzia kukamilishana.

Lugha hiyo ilianza kusikika mwaka 2006, na huo ndio mwaka ambao ningependa darasa lako lishughulike nao zaidi. Mashine tatu zilikuwa sokoni au njiani kuingia. Xbox 360 ya Microsoft ilikuwa imetangulia Novemba 2005 kwa dola 300 ile ya kawaida na dola 400 ile iliyokamilika zaidi. Sony ilitangaza PlayStation 3 kwa dola 500 na 600. Nintendo, ikiongozwa na Satoru Iwata, iliamua kutoshindana kwa nguvu za mashine wala kwa uzuri wa picha: ilitoa Wii kwa dola 250, ikiwa na pedi mfano wa rimoti ambayo mchezaji huizungusha mkononi kana kwamba ameshika raketi ya tenisi, na katika nchi nyingi ikaweka gemu ya michezo ndani ya boksi lenyewe. Iwata alitaka kuwapata watu wasiocheza gemu kabisa, wakiwemo akina mama, wazee na familia zilizokaa pamoja baada ya chakula cha jioni.

Hapo ndipo Peter Moore, aliyekuwa kiongozi wa kitengo cha Xbox, alipofanya jambo lisilo la kawaida katika biashara. Alisema hadharani kwamba kwa fedha za PlayStation 3 moja watu watanunua mashine mbili, Xbox pamoja na Wii. Piga hesabu mwenyewe: 300 ukijumlisha na 250 ni 550, chini ya 600. Kiongozi wa kampuni akawa anamnadi mpinzani wake. Wapenzi wa gemu wakaipokea hoja hiyo kwa furaha, na wengi wakaichukua kuwa ushahidi kwamba Wii na Xbox zinakamilishana.

Mimi naisoma kwa namna nyingine. Maneno ya Moore yalikuwa silaha dhidi ya Sony. Aliijua PlayStation 3 kuwa mpinzani wa karibu wa Xbox 360, kwa kuwa gemu nyingi kubwa za mpira, za magari na za vita zilitolewa kwenye zote mbili, na mtu akishakuwa na moja hana sababu kubwa ya kununua nyingine. Wii aliiona iko mbali, kwa hiyo hakupoteza kitu kwa kuisifu. Chukua mfano wa barabarani kwetu. Mwenye bodaboda hatamsifu bodaboda mwenzake aliyeegesha kijiwe kimoja naye, lakini anaweza kumwambia abiria kwamba kwa nauli anayotozwa na teksi atapanda bodaboda hadi kituoni, kisha daladala hadi mjini, na chenji itabaki. Kusema hivyo hakumfanyi kuwa mshirika wa daladala siku zote, kwani siku abiria huyohuyo atakapokuwa na safari fupi watamgombea.

Takwimu za mauzo zilimpa Iwata haki. Wii iliuzwa zaidi ya milioni 101, na PlayStation 3 na Xbox 360 kila moja ilivuka milioni 80. Ukizijumlisha unapata zaidi ya milioni 260, wakati kizazi cha mashine kilichotangulia, pamoja na ukubwa wote wa PlayStation 2, kilikuwa na takriban milioni 200. Mnunuzi wa Wii, kwa sehemu kubwa, hakuibwa kutoka kwa Sony wala Microsoft, kwa kuwa alikuwa nje ya soko akaingizwa. Lakini wateja hao wapya hawakuwa na mizizi. Simu za kisasa zilipoenea, wengi walizigeukia kwa kujipumbaza, na mashine iliyoifuata Wii, yaani Wii U ya mwaka 2012, haikufika hata milioni 14. Kwa hiyo, Mwalimu, mbadala wa karibu wa Wii huenda hakuwa Xbox wala PlayStation, bali simu iliyokuwa tayari mfukoni, na hili ni somo zuri kwa wanafunzi wanaodhani mpinzani ni yule tu anayeuza kitu chenye umbo kama lako.

Sasa tuje kwenye kesi. Januari 2022 Microsoft ilitangaza kuinunua Activision Blizzard, kampuni yenye gemu ya vita ya Call of Duty, kwa dola bilioni 68.7. Tume ya Biashara ya Marekani ilipinga, na moja ya hoja zilizobishaniwa ilikuwa ileile ya darasani kwako: soko lenyewe ni lipi? Tume ilisema soko ni la mashine zenye nguvu kubwa, yaani PlayStation na Xbox, na kwamba Nintendo Switch iko nje kwa sababu bei yake ni tofauti, nguvu yake ni ndogo, inabebeka mkononi, gemu zake kuu ni nyingine, na ilitoka mwaka 2017, wakati mashine za wenzake za sasa zilitoka 2020. Microsoft ilitaka Switch ihesabiwe ndani, jambo ambalo lilikuwa na faida kwake, kwa kuwa kadiri soko linavyopanuliwa ndivyo fungu lake linavyoonekana dogo. Ikaongeza kwamba Switch imeuzwa kwa mamilioni bila kuwa na Call of Duty, basi na PlayStation nayo ingeweza kuishi bila gemu hiyo. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza, iliyochunguza ununuzi huohuo, iliona kwamba PlayStation na Xbox zinashindana kwa karibu na Nintendo inashindana nazo kwa umbali zaidi. Julai 2023 hakimu wa Marekani alikataa kuzuia ununuzi huo, na Oktoba mwaka huo ukakamilika.

Kipimo kinachotumika katika kesi za namna hii unaweza kukifundisha kwa dakika 10. Chukulia bei ya bidhaa imepanda kidogo lakini kwa kuumiza, tuseme asilimia 5, na isishuke tena. Je, wateja wa kutosha watahamia kwingine hata upandishaji huo usilipe? Wakihamia, kule walikohamia ni sehemu ya soko moja. Kijana anayetaka kucheza mpira na Call of Duty, PlayStation ikipanda, atatazama Xbox. Hatatazama Switch, angalau si kwa haja hiyo.

Limebaki jambo moja ambalo wanafunzi wako hawakulifikiria, nalo ni kwamba mpinzani anaweza kweli kugeuka mkamilishaji. Sega, baada ya mashine yake ya Dreamcast kushindwa, iliacha kutengeneza mashine mwaka 2001, na kabla mwaka huo haujaisha gemu ya Sonic, mhusika maarufu wa Sega, ilikuwa inauzwa Japani kwa ajili ya mashine ya GameCube ya Nintendo, kampuni ambayo Sonic alizaliwa ili kupambana nayo. Tangu siku hiyo kila GameCube iliyouzwa ilikuwa habari njema kwa Sega. Microsoft nayo imeanza kupita njia hiyo huku ikiendelea kuuza Xbox: mwaka 2024 ilipeleka gemu kama Sea of Thieves kwenye PlayStation 5, na Aprili 2025 ikapeleka Forza Horizon 5. Kwa upande wa mashine bado ni mbadala wa Sony, na kwa upande wa gemu imekuwa mkamilishaji wake. Kampuni moja inaweza kuwa katika mafungu yote mawili kwa wakati mmoja, na kwa maoni yangu hapa ndipo mjadala wa darasa lako ulipopaswa kufika, maana bidhaa ndizo huwa mbadala au kamilishi, na kampuni yenye bidhaa nyingi haiwezi kupewa jina moja.

SWALI: Mhariri mpendwa, assalaam alaykum. Sisi ni familia ya Waswahili tunaoishi Muscat. Watoto wangu watatu wana Nintendo Switch tuliyowanunulia miaka michache iliyopita. Sasa mkubwa, mwenye miaka 14, anataka PlayStation 5. Baba yao anasema huko ni kununua kitu kilekile mara mbili. Mtoto anasema ni vitu viwili tofauti. Nani ana haki?
Mama wa watatu, Muscat

JIBU: Waalaykum salaam, Mama. Jibu linategemea orodha, kwa hiyo mwambie kijana aandike kwenye karatasi gemu tano anazozitaka hasa. Kama orodha yake ni Minecraft, Fortnite na mpira wa EA Sports FC, baba yake ana haki, kwa sababu zote tatu zinapatikana kwenye Switch mliyo nayo. Picha zitakuwa hafifu zaidi, lakini Minecraft na Fortnite zinamruhusu hata kucheza na rafiki yake mwenye PlayStation, kila mmoja akiwa kwake.

Kama orodha imejaa gemu za Sony yenyewe, mfano zile za Spider-Man, basi kijana ana haki, kwa kuwa hizo hazipo kwenye Switch. Hapo pia angalia umri ulioandikwa kwenye jalada, maana God of War, ambayo vijana wengi wanaitaja, imewekewa miaka 18 katika viwango vya Ulaya, na ningekushauri uifuate alama hiyo bila kujadiliana. Wadogo zake hawatapoteza kitu, kwa sababu kwa upande wa mashine za gemu Mario Kart na Pokémon zimebaki kwa Nintendo peke yake, na pengine watafurahi kuachiwa mashine yao.

Ila mkinunua, zungumzeni mapema kuhusu saa. Mashine ya pili haiongezi muda wa siku, na dakika atakazotumia kwenye PlayStation zitatoka ama kwenye Switch ama kwenye masomo yake. Ningetaka aahidi mwenyewe zitatoka wapi kabla hamjakwenda dukani.

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Nina kibanda cha gemu hapa Mwanza, chenye PlayStation 4 nne. Wateja wangu hulipa kwa mechi, na wengi wanataka mpira tu. Jamaa mmoja ananiuzia Xbox Series S iliyotumika kwa bei nzuri. Nimefikiri nikiwa na aina mbili nitapata wateja wa aina mbili. Je, zitasaidiana?
Mwenye kibanda, Mwanza

JIBU: Ndugu yangu, nakusihi usiinunue kabla hujamaliza kusoma. Xbox Series S haina sehemu ya kuingiza diski. Kila gemu lazima uinunue mtandaoni na kuipakua, na gemu moja ya mpira ni makumi ya gigabaiti, hivyo bei nzuri ya mashine itaongezewa gharama ya bando na ya gemu yenyewe. Zile diski za PlayStation 4 unazonunua kwa wenzako na kuziuza tena ukishazichoka hazitakufaa kwenye mashine hiyo, na pedi zako nazo hazitaunganika nayo.

Swali lako la msingi ni lilelile la Mwalimu wa Tanga, ila kwako wewe lina kipimo kikali zaidi, kwa kuwa kinachouzwa kibandani ni nafasi mbele ya televisheni. Xbox utakayoiweka itachukua televisheni ambayo ingeweza kuwa na PlayStation ya tano, na mteja anayekuja kucheza mpira atacheza mpira uleule, tena akiwa na pedi asiyoizoea na mpangilio tofauti wa vitufe. Huyo si mteja mpya, bali ni yuleyule uliyekuwa naye, na sasa analalamika kwamba amefungwa kwa sababu ya pedi. Kwa haja ya mpira, PlayStation na Xbox ni mbadala wa karibu mno, na mfanyabiashara mwenye nafasi ndogo hana sababu ya kuweka mbadala mbili za haja moja.

Nintendo ingekuwa tofauti kwa nadharia, kwa kuwa ingeleta gemu zisizokuwapo kwako. Lakini kwa kibanda cha mpira Switch ilikuwa dhaifu kwa miaka mingi: kuanzia FIFA 20 hadi FIFA 23, toleo lililouzwa kwa Switch lilikuwa gemu ya zamani iliyobadilishiwa vikosi na jezi, na mpaka EA Sports FC 24 ya mwaka 2023, iliyochukua nafasi ya FIFA, ndipo ilipopata mpira uliotengenezwa upya. Wateja wako wangeligundua hilo katika mechi ya kwanza.

Fedha ulizotenga zitumie kwenye kile kinachoikamilisha mashine uliyo nayo. PlayStation 4 moja inakubali pedi nne kwa wakati mmoja, na gemu ya mpira inawaruhusu watu wanne kucheza mechi moja, wawili kila upande. Kama leo kila mashine yako ina pedi mbili, nunua mbili zaidi kwa kila moja, nzima na zenye vijiti visivyolegea, kisha weka bei ya mechi ya watu wanne siku za Jumamosi na Jumapili, ambapo vijana huja kwa makundi. Na umpate fundi mmoja mwaminifu wa kukusafishia feni za mashine mara kwa mara, kwa maana vumbi na joto huziua mapema.